Magunia Chini ya Ndoo

Kama yupo mke duniani ambaye hajawahi kubishana na mama mkwe wake kuhusu kiu ya mti, Stellah alimwonea wivu wa dhati. Yeye alibishana na wake tangu mvua zilipokatika, na hata hivyo kubishana kwenyewe hakukuwa kubishana, maana mkwe hapandishi sauti. Unameza. Unasema "Ndiyo, Mama," unakwenda jikoni, unabwaga sufuria chini kwa namna ambayo ukiulizwa utasema imekuponyoka.

Uwanja ulikuwa wa mama mkwe huyo, Ghati, mjane wa Nyasura pale Bunda, na chochote kilichokanyaga uwanja ule alikihesabu kuwa chake: kuku, kamba ya nguo, bomba la maji, na sasa ndoo kuukuu za rangi zilizopangwa safu mbili chini ya paa la nailoni. Ndani ya ndoo mlikuwa na miche. Stellah, mwalimu wa baiolojia aliyekuwa kwenye likizo ya masomo, aliilea zaidi ya mwaka mzima. Mitarakwa na podo aliinunua kitaluni Butiama. Misonobari aliiotesha mwenyewe kwa mbegu alizookota Nyegina, chini ya miti ya misheni. Mijakaranda alipewa na jirani yake Eunice, ambaye hadi leo anaamini ile mingine yote ni miti ya Krismasi na kwamba Stellah ana mpango wa kuiuza Desemba, ila anaficha.

Safu ya kwanza ilinyweshwa kila asubuhi. Safu ya pili ilinyimwa. Kazi yote ilikuwa hiyo, na ugomvi wote ulianzia hapo.

"Mama Penina," Ghati alisema siku ya kwanza, akiwa amesimama katikati ya safu mbili, mikono kiunoni. Penina ni mjukuu wake, mtoto wa Stellah, aliyekuwa bwenini Musoma. "Hawa unawapa. Hawa huwapi. Wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, Mama. Ni utafiti."

"Kwani utafiti ukiwapa wote unaharibikaga?"

"Ndiyo, Mama. Unaharibika."

Ghati alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyerudi kutoka shuleni na ujinga mwingi kuliko alioondoka nao.

Stellah akavuta kigoda, akakaa, akaeleza. Alikuwa mwalimu, bwana. Darasani aliwahi kuelewesha wavulana waliokuwa wamelala. Alisema kwamba msonobari, podo na mtarakwa ni ukoo mmoja, ukoo mkongwe, uliokuwepo duniani kabla ua la kwanza halijachanua. Mirija yao ya kupandishia maji ni myembamba, ya kizamani, na ile ya msonobari na mtarakwa ina vizibo ndani yake, hivyo maji yakiwa haba mti hauharibikiwi wote kwa mpigo. Alisema kwamba jani hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, ndio usanisinuru wenyewe, lakini ili lipike ni lazima lifungue vitundu vyake liingize hewa ya ukaa, na kila kitundu kikifunguka maji yanatoroka. Mjakaranda hufungua midomo yote, hula haraka, hukua haraka. Ukoo wa msonobari hula kidogo kidogo mwaka mzima, na ukihisi ukame unafumba mdomo mapema. Sasa yeye alitaka kujua kama tabia hiyo ya kale bado inafaa kitu siku hizi, ambapo mvua za Mara zimesahau ratiba yake na jua nalo limezidi ukali.

Ghati alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Kwa hiyo hawa ndio wazee?"

"Kwa ukoo, ndiyo, Mama."

"Na wewe unawanyima wazee maji."

Stellah alikwenda jikoni. Sufuria ikamponyoka.

Alirudi akiwa ameshusha pumzi, akaomba ahadi. Alimjua Ghati: kanisani, jumuiyani, sokoni, hakuna aliyewahi kumkuta na uongo. Mwanamke yule akisema kitu, kimesemwa.

"Mama, nakuomba. Ndoo za upande huu usizimwagie maji. Hata tone."

Ghati alifikiri kidogo. "Sitazimwagia," akasema. Basi Stellah akalala usingizi.

Haikupita muda Ghati akaja na jambo la mchwa. Mchwa wa Nyasura, alisema, hawana dini; wataingia kwenye ndoo kupitia matundu ya chini, watafune mizizi, na huo utafiti utabaki vijiti. Alikuwa na magunia yake ya zamani stoo. Ayakunje, ayatandike chini ya ndoo?

Moyo wa Stellah ulilainika. Baada ya maneno yote yale, mama mkwe amekuja kusaidia! Alinyanyua ndoo kwa mikono yake mwenyewe ili magunia yapite chini. Ghati aliyatandika safu moja tu, ile iliyonyimwa.

"Na hawa wengine, Mama?"

"Hawa wana maji. Mchwa hawapendagi maji."

Jioni ile Stellah alimpigia mumewe Lukas, aliyekuwa na duka la spea za pikipiki Musoma mjini na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Akamwambia mama yako kumbe ni mtu mwema, tunaanza kuelewana. Lukas alifurahi. Furaha hiyo Stellah aliikumbuka baadaye, na kila alipoikumbuka alitamani kumrushia mtu kitu.

Mashine ilikuja kutoka chuoni, ndani ya sanduku kama la fundi wa redio, ina mrija na kibanio cha kubana jani. Unabana, unasubiri, inakwambia jani lile linavuta hewa ya ukaa kiasi gani, yaani linapika au limezima jiko. Watu wa Nyasura waliipenda mno. Kile kibanio kilifanana na kile cha hospitali cha kubana kidole, na haikufika wiki wazee wa jumuiya wakawa wanapita kusalimia huku wamenyoosha vidole. Stellah aliwaeleza kwamba inapima majani. Walikubali, kisha wakauliza kama inaonyesha na sukari. Mmoja aliondoka amekasirika kabisa, akisema watoto wa siku hizi wakisoma wanapima miti na kuacha watu.

Hayo angeyavumilia. Kilichomtoa jasho ni namba zenyewe. Miche iliyonyimwa maji ilikuwa inapika sawasawa na iliyonyweshwa. Misonobari, sawa. Podo, sawa. Mitarakwa, sawa. Kwa siku chache za mwanzo Stellah alitembea kama amevishwa taji: ukoo wa kale umeshinda ukame! Kisha akapima mijakaranda. Nayo sawa! Majani mabichi, yamechanua, yanameremeta kana kwamba yanakaa kwenye kingo za ziwa. Mjakaranda usionyweshwa haufanyi hivyo. Hata Eunice alilijua hilo.

Akaanza kugombana na mashine. Alibadilisha betri. Alisafisha kibanio. Aliirekebisha upya kwa kufuata maelekezo, akairekebisha tena bila kuyafuata. Alichomeka kipima unyevu kwenye udongo wa ndoo, nacho kwa kuwa ni kifupi kilifika juu juu tu, kikasema pakavu. Alichomeka kidole, vumbi tupu. Alichungulia nailoni kama imetoboka. Haikutoboka. Ghati alikuwa amekaa kivulini akichambua dagaa, akimtazama kwa huruma.

"Wanaendelea vizuri watoto," alisema Ghati.

"Ndiyo, Mama. Vizuri mno."

"Mungu ni mwema."

Stellah akampigia msimamizi wake wa masomo, Dokta Baltazari, mtu wa Kibara aliyekwenda kufundisha chuo mbali na hakuisahau lafudhi ya nyumbani. Alimsomea namba.

"Sikiliza, Stellah. Ama umeona muujiza, ama kuna bomba linavuja mahali. Mimi ni Mkristo, lakini naanzaga na bomba."

Ilitokea kwamba Dokta alikuwa na msiba kwao, baba yake mdogo amefariki, hivyo angepita Bunda akielekea Kibara. Angeiona miche kwa macho yake. Akirudi kutoka msibani angechukua mashine, maana kulikuwa na mwanafunzi mwingine anaisubiri. Stellah alielewa maana ya maneno hayo. Likizo yake ya masomo ilikuwa imeshaongezwa mara moja, na haingeongezwa tena. Januari alitakiwa awe darasani. Mvua za vuli zilikuwa njiani. Kama mashine ingeondoka na zile namba za kipuuzi, shahada ingeondoka nayo, na miaka yake ya kujinyima ingekuwa kazi ya kumpigia mbuzi gitaa.

Dokta Baltazari aliposhuka kwenye gari lake lenye vumbi la njia nzima, Stellah alitaka kumvuta mkono moja kwa moja hadi kwenye ndoo. Wapi! Ghati alikuwa amekwisha mkamata. Mtu hawezi kutoka safari akaonyeshwa miti. Akanawishwa. Akawekewa sato wa kukaanga na ugali wa udaga, ule wa muhogo, akapewa pole za msiba, akaulizwa marehemu aliumwa nini, akaeleza, wakagundua kwamba kuna shangazi yake Dokta aliyewahi kusali na Ghati kongamano moja, wakamjadili shangazi huyo mpaka na wajukuu zake. Stellah alikaa pembeni akimega matonge asiyoyameza. Jua lilikuwa linasogea na hawa watu wanajadili wajukuu.

Hatimaye wakatoka nje. Dokta alichuchumaa mbele ya safu iliyonyimwa. Aligusa jani la podo, akachimba udongo kwa ukucha, akanusa, akakunja uso. Halafu akafanya jambo dogo ambalo Stellah hakuwahi kulifanya tangu siku ile ya mchwa. Alishika mdomo wa ndoo akanyanyua.

Ndoo haikunyanyuka. Ilikuwa imeshikwa na kitu. Akavuta kwa nguvu, na chini yake kikasikika kitu kinachanika, kisha ndoo ikatoka na shada la mizizi myeupe likining'inia kwenye matundu. Mizizi ilikuwa imeshuka mpaka ndani ya gunia, ikajisokota humo. Dokta akalibana gunia kwa kiganja. Maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Ghati alikuwa amesimama nyuma yao na birika la kunawia.

"Ah," akasema. "Hapo umewaumiza mizizi."

Stellah alimgeukia. "Mama. Uliniahidi."

"Niliahidi sitawamwagia. Nimewamwagia? Uliza mtu yeyote hapa Nyasura kama ameniona nawamwagia. Mimi nalowekaga magunia yangu. Nikishaosha vyombo naloweka. Magunia si yangu?"

Dokta Baltazari aligeukia upande wa ukuta, akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema ufanyeje kama nguo yenyewe ni ya mama mkwe wako. Stellah alitaka kulia na alitaka kupiga ndoo teke, na kwa kuwa vyote viwili haviruhusiwi mbele ya mkwe, alikwenda nyuma ya nyumba akampigia Lukas.

"Mama yako ameniua," alisema.

"Amefanyaje?"

Akamweleza. Lukas akavuta pumzi. Nyuma yake ilisikika pikipiki ikijaribiwa, inakoroma na kuzimika.

"Si ungemwambia ni dawa? Angeogopa kugusa."

"Lukas!"

"Sasa nifanyeje? Mama ni mama."

Stellah alikata simu. Kuna wanaume wakiambiwa nyumba inaungua watakujibu kwamba moto ni moto.

Aliporudi uwanjani Dokta alikuwa ameshainuka, anakung'uta magoti. Alisema namba zote za safu ile hazifai kitu. Asizitumie hata kwa kufungia karanga. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yeye angekaa Kibara mpaka matanga yaishe na mambo ya familia yapangwe. Ndoo zenyewe ni ndogo na jua ni kali. Magunia yakiondolewa leo, mpaka atakaporudi ukame wa kweli utakuwa umeshaingia, na mashine itaonyesha kitu.

"Lakini zikauke kweli," alisema. "Juu na chini."

Hakumtazama Ghati. Stellah naye hakumtazama. Hata kuku, ungedhani, hawakumtazama. Ghati akachukua birika lake akaingia ndani.

Gari la Dokta lilipoondoka, Stellah alimfuata mama mkwe jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwenye ule mji alipandisha sauti.

"Ni miti, Mama! Siyo watu! Ni miti tu, na mimi ndiyo maisha yangu haya! Nimekukosea nini?"

Alishtuka mwenyewe. Ghati alikuwa ameinama anapuliza moto. Akauacha, akakaa kwenye kigoda chake. Hakukasirika, na hilo lilimzidishia Stellah hasira.

"Kaa," alisema Ghati.

Stellah akakaa.

"Baba yetu kule milimani Butiama alikuwa na nyumba tatu. Mama yangu ndiye alikuwa wa mwisho. Mwaka ule ng'ombe walikufa, ng'ombe walilala tu chini kama magogo. Waliobaki walikuwa wanatoa maziwa ya kufunika kiganja. Baba akagombana na mama, sijui walikuwa wanagombania nini, mimi nilikuwa mdogo. Akamwambia mke mkubwa, ndiye alikuwaga anagawa maziwa: ile nyumba isipewe kitu mlangoni. Mwenye mji akisema, amesema. Tukawa tunakaa pale nje tunaangalia wenzetu wa nyumba zile nyingine wanakunywa. Mji mmoja, baba mmoja."

Alisukuma kijinga cha moto kwa mguu.

"Mke mkubwa hakubishana na baba. Hata siku moja. Kulikuwa na tundu la kuku chini ya ukuta wa nyumba yetu. Akawa anapitisha kibuyu pale. Baba akimuuliza anasema, mlangoni pao sijapeleka kitu. Na ni kweli, mlangoni hakupeleka. Watoto wa mama tulikuwa wanne. Nyamburi ndiye alikuwa na sauti. Siku za kwanza alilia, alilia sana, sisi wengine tulinyamaza tukalala. Mke mkubwa alipopata akili ya lile tundu, Nyamburi tulikuwa tumeshamzika. Hakukingoja kile kibuyu."

Moto ulikuwa umezima kabisa.

"Sasa wewe umeniwekea safu mbili hapa kwangu. Hii inakunywa, hii inaangalia. Najua ni miti, mwanangu. Sijachanganyikiwa. Lakini mwili unakataa."

Ni taabu kubwa kumkasirikia mtu aliyekuharibia kazi halafu akakupa sababu. Alimhurumia, na kumhurumia kulimuudhi, kwa sababu huruma haipimwi na mashine wala haiandikwi kwenye tasnifu. Alikaa pale akifuta macho kwa ncha ya kitenge, hajui kama anamlilia mtoto wa zamani sana au anajililia mwenyewe.

"Kwa hiyo nifanyeje, Mama?" aliuliza.

"Ondoa magunia," alisema Ghati. "Mimi kesho nakwenda Musoma kwa Lukas. Nikibaki hapa nitawapa. Najijua."

Asubuhi alifunga mzigo wake, akamkamata jogoo mmoja wa kumpelekea mwanawe, akajifunga kitenge cha safari. Alipopita kwenye ndoo alisimama. Aliuangalia hasa mjakaranda mmoja, ule dhaifu kuliko yote, ambao shina lake lilipasuka kidogo siku Eunice alipouleta.

"Ukimaliza tu, uwape," alisema. "Wote. Halafu unipigie."

"Ndiyo, Mama."

Basi Stellah akabaki na jua. Lilikuwa jua lile la kabla ya vuli, linaloamka limekasirika. Upepo wa ziwa nao ukamletea yake: mara ung'oe nailoni, mara ujaze kibanio vumbi. Alipanda kwenye ngazi na kamba mdomoni, akafunga, akashuka, akapima. Eunice alipita akasimama mlangoni.

"Sasa jakaranda yangu unaiua kwa nini?"

"Siiui. Naipima."

"Mh! Ukinipima hivyo mimi nitakufa."

Lakini namba, hatimaye, zilisema ukweli. Misonobari ilikuwa ya kwanza kushusha moto. Udongo ulipoanza tu kukauka ilifumba vitundu vyake, na podo na mitarakwa zikafuata, kila moja kwa kiasi chake. Namba zao zikashuka, kisha zikatulia chini huko, ndogo, za kibahili, lakini hazikuwa sufuri. Ukiitazama kwa macho usingejua kama inateseka. Ilisimama vilevile, kijani kilekile, kimya. Mijakaranda ilifanya kama ilivyotarajiwa. Siku za mwanzo ilikula kwa midomo wazi kana kwamba kesho kuna mvua. Kisha ghafla majani yakajikunja, yakanyauka, yakaanza kudondoka chini, na mashine ikawa inabana jani inapewa kimya.

Ndicho alichokuwa amekisubiri miaka yote hii. Alifurahi, na furaha ilikuwa chungu. Mchana mmoja alijikuta amesimama mbele ya ule mjakaranda uliopasuka shina akiwa na jagi la maji mkononi, wala hakukumbuka alilijaza saa ngapi. Ulikuwa umeinamia upande wa safu iliyonyweshwa. Huo ni upande wa jua, alijikaripia, kila mche huinamia jua, hata darasa la tano wanajua! Alirudisha jagi jikoni, akalifunika na sahani, akatoka akijisonya. Tangu lini mtu na akili zake akaogopa kutazamwa na mti?

Dokta Baltazari alirudi kutoka Kibara akiwa amechoka na amepauka kwa msiba. Alisoma namba akiwa amesimama. Alizisoma tena amekaa.

"Huu sasa ni utafiti," alisema, na uso wake ukafunguka. "Umeona hawa wa kale? Hawana haraka. Wanafumba mdomo, wanangoja. Na hii jakaranda, hii iliyoanguka hivi, hii mistari yake kwenye grafu tutaiweka mbele kabisa. Hii ndiyo itakayokupa shahada."

Alipakia mashine, akamshukuru kwa chai, akaondoka. Gari halijafika barabarani Stellah alikuwa ameshafungua bomba. Alinywesha safu yote, juu mpaka maji yakapita chini. Kisha akaenda stoo, akatoa magunia, akayaloweka, akayatandika tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Asubuhi alitoka hata kabla ya kunawa uso. Mitarakwa, misonobari na podo zilikuwa vilevile. Haijulikani kama zilikuwa zimekaribia kufa au zilikuwa zinasinzia tu. Mijakaranda ilikuwa imeinua mikono, hata ile iliyobakiwa na majani ya kuhesabu. Mmoja haukuinuka, ule uliopasuka shina. Alikwangua gome kwa ukucha chini kidogo, akitafuta kijani. Kahawia. Akakwangua karibu na udongo. Kahawia, pakavu, kama ganda la karanga.

Alikaa kwenye kigoda cha Ghati akapiga simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umewapa?"

"Nimewapa, Mama. Jana hiyohiyo."

"Wote?"

"Wote."

Kule Musoma pikipiki ilikuwa inakoroma na kuzimika. Ghati alisubiri izime.

"Wamekunywa wote?"

Angeweza kusema ndiyo. Mti ni mti, na Eunice angempa mwingine akauweka kwenye ndoo ileile, na mama mkwe asingejua. Isitoshe huo ndio ulikuwa mti wa shahada yake, ushahidi wake ulionyooka kuliko wote. Aliutazama ulivyoinama.

"Mmoja hakungoja, Mama," alisema.

"Usimng'oe," alisema Ghati. "Mwache hapohapo alipo na wenzake. Nakuja na basi la mchana."

"Ndiyo, Mama," alisema Stellah, na safari hii hakwenda jikoni. Alikaa palepale kwenye kigoda cha mkwe wake, miguu ikiwa kwenye gunia bichi, akamsubiri.